Kofia ya Nyuma ya Goli

Mie mpira siupendi. Nalisema mwanzo kabisa, asije mtu akadhani nimekaa misimu yote ile mbele ya televisheni kwa raha zangu. Nilikaa kwa sababu ya mama. Mama alikaa kwa sababu ya mwanawe, na mwanawe huyo, ndugu yangu mdogo, ndiye aliyewaingiza Waturuki ndani ya nyumba yetu hapa Ibra, Omani, zamani sana, kabla hajapata hata pasi ya kusafiria.

Aliwapenda tangu utoto. Mwaka ule timu yao ya taifa ilipotoka ya tatu kwenye Kombe la Dunia, yeye alikuwa wa skuli, na alizunguka nyumba nzima na shuka jekundu mabegani, mwezi na nyota kavichora kwa chaki. Mama hakujua hata wanacheza wangapi upande mmoja. Aliposikia tu kwamba ni Waislamu, basi akawaweka kwenye dua zake baada ya kila sala, kati ya maiti wetu wa Unguja na wagonjwa wa mtaani. Nikimwambia mama, watu wanaomba mvua wewe unaomba magoli, ananambia nyamaza, Mola hachoki.

Kaka yetu mkubwa yeye alichagua timu moja katika zile kubwa za Istanbul, ile ya manjano na buluu, na akataka mdogo wake amfuate. Mdogo akaenda akachagua manjano na nyekundu, kwa ukorofi tu. Nyumba ikakosa amani. Siku timu hizo mbili zikikutana, mama alipika mapema akawatenga, mmoja chumbani mmoja barazani, maana walishawahi kurushiana kokwa za tende mpaka kioo cha kabati kikapasuka. Mie ndo niliyefagia vigae.

Alipokuwa mtu mzima akaingia biashara ya samani. Watu wa huku siku hizi hawataki kochi wala kitanda ila kiwe kimetoka Uturuki, chenye nakshi na vioo, hata kama mlango wa nyumba haukipitishi. Akawa anakwenda mwenyewe kuchagua, katika mji mmoja wa kusini karibu na mpaka wa Sham, yaani Syria, ambako wengi wanasema Kiarabu na yeye Kiarabu hakimpigi chenga. Anakaa miezi, anarudi, anakwenda tena. Huko akawatupa wale wa Istanbul na kuishika timu ya mji ule, timu ndogo ya jezi nyekundu iliyoiva na nyeupe, ambayo kaka alikuwa akiicheka mpaka machozi. Mdogo alimjibu neno moja tu: kila duka ninaloingia kule wananipa chai na kuniuliza kama Jumamosi nitakuja uwanjani, hao wako wa Istanbul wameshakupa chai?

Alipata mahala pake nyuma ya goli, pembeni ya mpiga ngoma. Mpiga ngoma huyo alikuwa na tumbo na masharubu, na ngoma kubwa kifuani anayoipiga pande zote mbili. Ndugu yangu anapiga simu mchana: "Mama, leo fungua televisheni baada ya Alasiri. Mtafute wa ngoma. Mie nipo kuliani kwake, nna kofia yako."

Na kweli, kamera ikipita pale, katikati ya makofia ya sufi na mitandio ya shingoni, unaiona kofia moja nyeupe ya Kiomani. Mama alikuwa akipiga mapaja yake na kucheka kama mtoto. Kisha anamsema mpiga ngoma, ati mtu mzima yule, mkewe anampikia saa ngapi.

Hiyo kofia naomba niieleze, maana kila kitu kimesimama juu yake. Mama anashona kofia za mkono tangu alipokuwa mwari Unguja, na alikuja nazo huku, sindano na uzi, wakati wengine walikuja na dhahabu. Kila mwanamume wa nyumba hii kavaa kofia aliyoitoboa yeye, kitundu kwa kitundu. Lakini mdogo alikuwa na wazimu na kofia za mama. Haziazimishi kwa mtu. Tulipokwenda Sur harusini, alipokuwa bado mdogo, vijana wa kule walimvua wakawa wanarushiana. Alirudi kwetu na jino limevunjika na kofia iko kichwani. Hata kaka yake wa tumbo moja alimnyima siku ya Idi. Alikuwa akisema kofia ya mama haikai kichwa cha mtu mwengine maadamu yeye yuko hai. Tulimcheka. Mama hakucheka, alipenda.

Alipokwenda safari yake ya mwisho alikuwa ameshaoa, na mkewe alimwacha hapa kwetu. Wifi yangu ni mtoto wa Nizwa, watu wao wa Pemba, mpole kupita kiasi; sauti yake huisikii mpaka usogee. Hawakuwa wamejaaliwa mtoto. Mama alimshonea mwanawe kofia mpya, uzi wa rangi za ile timu, nyekundu iliyoiva juu ya nyeupe, kazi ya msimu mzima na macho yenyewe yameshachoka. Akaivaa palepale mlangoni. Ile ya zamani akaiacha ifuliwe na kutiwa wanga.

Halafu ardhi ya kule ikatetemeka, alfajiri watu wamelala.

Sitaki kusimulia siku zile. Kaka alikwenda. Aliikuta nyumba aliyopanga ndugu yetu imelala sakafu juu ya sakafu, akapita hospitali hadi hospitali, akachimba na watu asiowajua, akarudi na kucha zimeng'oka. Alikaa mbele ya mama akasema, "Mama, tumsalie."

Mama akamuuliza, "Umemuona?"

"Sikumuona."

"Basi usimchurie mwanangu."

Kwetu kumlilia aliye hai ni kumchuria, ni kumwita mauti kwa mdomo wako mwenyewe. Neno hilo mama alilifunga mlangoni kama kufuli. Ikawa nyumba hii hairuhusiwi kulia. Mie nililia garini, nikienda kazini, nikifika nauosha uso kwa maji ya chupa. Lakini wifi yangu hakuwa na gari wala kazi. Yeye alikuwa mke wa mtu aliye hai, hivyo ndivyo mama alivyoamua, na mke wa mtu hakai ovyo. Kila Alkhamisi mama alimkalisha mkekani akampaka hina miguuni na mikononi. Alimfukiza udi. Alimvalisha bangili zake za harusi, zile nzito, akamkataza kuzivua hata akienda kuoga. Mtoto wa watu anakaa kama bibi harusi, na macho yake makavu.

Majirani walikuja. Wanakaa, wanakunywa kahawa, wanatizamana, hawajui waseme nini. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Na mfiwa wetu alikuwa amejaa manukato. Wakaaga, wakaondoka, mwishowe wakaacha kuja.

Kaka akamwendea kadhi. Kadhi alikuwa mtu wa huruma, lakini sharia ni sharia: aliyepotea katika msiba namna ile ana muda wake wa kungojewa, na muda huo ni miaka, si miezi, isipokuwa apatikane shahidi. Wifi yangu kabla ya hapo hakai eda wala harudi kwao. Kaka alipoleta habari hiyo, mama alitikisa kichwa akaridhika, kama mtu aliyeshinda kesi.

Basi ikaanza kazi ya mpira.

Ile timu ya kusini ilijitoa kwenye ligi. Wachezaji wengine walifukiwa, mji wenyewe haupo, watacheza na nani. Mechi zao zilizobaki wakaandikiwa kufungwa, hata hawakuingia uwanjani. Mama akasema haidhuru, labda kahamia mji mwengine, na mtu wa mpira ataufuata mpira. Akawa anatizama kila timu ya Uturuki, za Istanbul na za bara, kofia yake ya kushona iko mapajani na sindano haiendi. Wachezaji hakuwatizama. Alitizama watu. Alijifunza kwamba goli likifungwa ndipo kamera hugeukia jukwaani, basi akawa anaomba magoli, ya yeyote, hata ya penalti za uonevu. Siku ile mashabiki wa ile timu ya jezi nyeusi na nyeupe waliporusha midoli uwanjani kwa ajili ya watoto wa tetemeko, mpaka majani yote hayaonekani, mie nilitoka nikaenda kusimama jikoni. Yeye alibaki anahesabu vichwa. Timu ya taifa iliposimama kimya kuwakumbuka waliokufa, wale vijana wenye mwezi na nyota kifuani, wengine wanalia waziwazi, mama alinyoosha shingo apate kuona nyuma yao.

Na wifi yangu kakaa pembeni yake, kwa amri, ili mumewe akitokea amuone kajipamba. Kama vile televisheni ni dirisha. Nilimwambia mama hivyo, kwa ukali, akaniashiria kwa mkono nisimzibe.

Mchana mmoja, baada ya Adhuhuri, nilikuwa nachambua mchele nikasikia mama ananiita, si kwa kelele. "Njoo. Huyu hapa."

Nikaenda. Walaahi alikuwepo. Mpiga ngoma na tumbo lake, na kuliani kwake ndugu yangu, kavaa kofia, anapiga makofi juu ya kichwa na kucheka, jino lake la Sur linaonekana. Kamera ikapita. Wifi yangu alianguka akasujudu palepale, bangili zikagonga sakafu. Mama akainuka kama msichana, akaita majirani juu ya ukuta, na wakaja na vigelegele, wale wale walioacha kuja, na halua ikatumwa nyumba hadi nyumba. Nikampigia kaka, kazini kwake Nizwa. Akasema anakuja sasa hivi, na sauti yake sikuipenda.

Katika zogo lile nikamtafuta wifi yangu nisimuone. Nikamkuta chumbani kwake kafungua kabati. Mkononi ana kofia nyeupe, ile ya zamani, imekauka na wanga wake, imesimama vizuri kwenye kalibu ya kuitunzia umbo tangu ilipofuliwa.

"Wifi," akasema, "aliyovaa mule ni hii."

Nilimtizama sana kabla sijaelewa. Kofia aliyoondoka nayo ilikuwa ya rangi. Mule kwenye televisheni alivaa nyeupe, na nyeupe tunayo sisi. Kaka alipofika alithibitisha kwa neno moja, hakuhitaji hata kukaa. Marudio. Stesheni haina mechi ya kuonyesha mchana, imetia ya zamani. Timu ile haichezi tena msimu huu, akasema, mngeniuliza.

Nje wanawake wanaendelea kupiga vigelegele. Mie nikataka kutoka nikaseme palepale, mbele ya halua yao. Wifi yangu akanishika mkono. Sijamuona kumshika mtu kwa nguvu namna ile.

"Ukimwambia wewe, au nikimwambia mie," akasema, "tutakuwa sisi ndo tuliomuua."

"Na wewe je? Utakaa na hina mpaka lini?"

Akakaa kitandani, kofia mapajani. "Sitaki kuolewa, wifi. Watu wanadhani nataka kuolewa. Nataka kulia tu. Mume wangu ananijia kooni kila siku, na mama yupo, naye anantizama, basi nammeza tena."

Nilikaa pembeni yake nikaona jinsi mikono yake ilivyovimba juu ya zile bangili.

Joto likaingia, joto letu la Ibra ambalo hata maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, yanatoka vuguvugu, na mie subira yangu haijawahi kuwa ndefu. Baba yake wifi alikuja kutoka Nizwa kuomba amchukue binti yake akapumzike kwao, mzee wa watu, kakaa barazani na fimbo yake, anasema kwa adabu zote. Mama akamwambia mke wa mtu haondoki mume hayupo, na wewe mzee mwenzangu unalijua hilo. Mzee akanywa kahawa yake akarudi peke yake. Alipotoka nilipasuka. Nikamwambia mama yote, kofia, kabati, marudio. Nikaileta kofia nikaiweka mbele yake.

Aliigeuzageuza. Anaijua kazi yake, hakuna wa kumdanganya kwa kitundu kimoja. Kisha akaniambia, "Uchungu wa mwana aujua mzazi. Wewe hujazaa." Akairudisha kabatini mwenyewe.

Neno lile liliniingia, na mpaka leo halijatoka. Nilikaa bila kusema naye isipokuwa shikamoo ya asubuhi, na hiyo niliisema nikitizama ukuta.

Msimu mpya ulipoanza, kaka alileta habari kwamba timu ya kusini imerudi kwenye ligi. Uwanja wao hautumiki, watachezea mji wa jirani, lakini wamerudi. Hakumwambia mama. Mama aliisikia mwenyewe kwa mtangazaji, maana sasa Kiarabu cha mpira alikuwa akikijua kuliko kaka.

Mechi yao ya kwanza ilipofika, mama alikuwa ameshampaka wifi hina mpya tangu jana yake. Akamfukiza. Alasiri tulikaa watu watatu, mama katikati, na mie nilikaa kwa sababu sikutaka kumwacha wifi yangu peke yake na tamaa ya mtu mwengine. Uwanja ulikuwa na watu wachache. Timu zikatoka, zile jezi nyekundu iliyoiva na nyeupe, na mama akasogea mbele kwenye mkeka. Ngoma ilisikika. Huwezi kuikosa, ngoma ya mkono mmoja mzito na mmoja mwepesi, lakini kamera haiendi. Mama akaanza kuomba goli.

Likaja. Walifungwa, wale wa kusini, goli la kizembe, kipa kalala kabla ya mpira. Kamera ikageuka nyuma yake.

Mpiga ngoma alikuwepo. Tumbo limekwisha, masharubu yamekuwa meupe, ngoma inaning'inia kifuani kama ya kuazima. Kuliani kwake hapakuwa na mtu; watu wamejazana kushoto, na kulia wameacha nafasi. Na kichwani kavaa kofia ya Kiomani, ya uzi wa rangi, nyekundu iliyoiva juu ya nyeupe.

Sijui alijua kwamba kamera iko juu yake, au alikuwa akifanya hivyo kila goli. Ndugu yangu lazima alimhadithia: "Mama yangu anatutizama, mie na wewe." Yule mtu aliacha kupiga. Akaivua kofia kwa mikono miwili, akaibusu, akaigusisha kwenye paji la uso kama watu wa kule wanavyofanya na mkate ulioanguka chini, akairudisha kichwani. Akaweka mkono kifuani akatutizama. Kisha kamera ikarudi kwa wachezaji.

Mie nilishika nguo ya wifi yangu.

"Ile kofia yangu," mama akasema.

Akanyoosha kidole kwenye televisheni, ingawa kofia imeshapita.

"Mwanangu hampi mtu kofia yangu."

Mpira ulikuwa ukiendelea. Mtu kapiga kona, refa kapuliza filimbi, sijui. Mama akaniambia nilete beseni, na maji, na sabuni. Nilidhani anataka kutawadha. Nikalileta, akaliweka kati yake na wifi yangu, akamshika mkono wa kulia akauingiza majini na kuanza kuusugua povu, taratibu, kama mtu anavyomwosha mtoto mchanga. Bangili ya kwanza ilikataa. Vifundo vilikuwa vimevimba. Aliisukuma na kuisukuma, wifi kang'ata mdomo, ikatoka. Akaiweka chini. Akaendelea na ya pili. Alipomaliza mkono wa kulia akashika wa kushoto, na wakati wote huo hakuinua macho.

Bangili zote zilipokuwa sakafuni, mikono ya wifi yangu ilibaki na alama, na hina mpya juu yake, inang'aa. Mama akaifuta mikono ile kwa kanga yake.

"Haya, mwanangu," akasema. "Lia."

Wifi yangu alinitizama mie kwanza, kama anayeuliza kama ni kweli. Kisha akamtizama mama. Akafungua mdomo lakini sauti haikutoka. Ilikuwa imezoea kumezwa. Akasema kwa kunong'ona, "Anza wewe, mama. Wewe ndo uliyemzaa."

Mama akatikisa kichwa. Akamvuta akamlaza kifuani pake.

"Mfiwa ni wewe," akamwambia. "Nilikunyang'anya. Anza."

Akaanza. Sijapata kusikia sauti ile kutoka kwa mtu yule mpole, ilipita ukuta ikapita na wa pili, na jirani akaja mbio bila viatu, na wengine nyuma yake, wanavuta mitandio yao. Ndipo mama akaingia, na mie nikaingia.